Subana Kwenye Picha ya Nyonga

Siku yangu ya mwisho kazini, vijana wa chumba cha mafaili waliniletea keki yenye jina langu, wakalikosea, kisha wakaniomba niwaachie maneno mawili matatu. Keki niliila, maneno nikayaahirisha. Sasa nina miezi mitatu nyumbani, nimeshapanga kabati zote za nyumba hii kwa herufi, na binti yangu amenipiga marufuku jikoni. Basi naandika.

Sitawaeleza nilivyopanda vyeo, maana vyeo vyenyewe vilikuwa viwili, na hicho cha pili hakikuja na kiti. Nitawaeleza habari za mfupa mmoja uliojiotea mahali pasipo pake, na uongo mmoja nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino wa bluu, nikiwa na akili zangu timamu. Nyinyi siku hizi mnabonyeza herufi M na tarakimu tatu, kompyuta inakubali, mnaenda kunywa chai. Sisi msimbo huo ulitutoa jasho.

Niliingia kazini miaka miwili kabla ya vita. Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Saidi, mtu mfupi mwenye koti la kaki, penseli sikioni, na miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Alikuwa Mswahili wa mtaa wa Buyenzi kama mimi, lakini siku ile hakunionyesha udugu wowote. Alinipa faili moja, akaniuliza kama naweza kusoma mwandiko wa daktari. Nikajibu ndiyo.

"Muongo," akasema bila hasira. "Hakuna mutu anaweza. Sisi tunauliza. Unapanda ngazi, unamutafuta dokta, unamuuliza. Akikasirika, unangoja amalize kukasirika, unamuuliza tena."

Hilo ndilo somo la kwanza, na kama mna haraka mnaweza kuishia hapo.

Somo la pili lilihusu rafu. Nyinyi mmezoea namba ya mgonjwa. Sisi hatukuwa nayo. Na majina nayo, kwetu hapa, hayasaidii sana: baba ana jina lake, mtoto ana lake, na nusu ya mji wanaitwa Jean. Kwa hiyo Mzee Saidi alipanga mafaili kwa mtaa, ndani ya mtaa kwa avenyu, ndani ya avenyu ndipo kwa jina. Rafu ya Kanyosha ilikuwa dirishani, ya Ngagara ukutani na kartie zake, yaani vitongoji vyake, zote kwa namba, ya Kamenge nyuma ya mlango, ya Buyenzi karibu na meza yetu. Mtu anaweza kubadili jina, alisema, akibatizwa, akisilimu, au akigombana na baba yake. Lakini nyumba haitembei.

Somo la tatu lilikuwa kalamu nyekundu. Ukikosea, hufuti. Unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa, likiendelea kusomeka, unaandika lililo sahihi juu yake kwa wino mwekundu, unatia tarehe na sahihi. Mzee Saidi alimchukia mtu anayefuta kuliko alivyomchukia mwizi. "Njia ya muongo fupi," alikuwa akisema, na mimi nilidhani ananisema mimi kila mara.

Vita vilipokuja, nyumba zilitembea. Mtaa mmoja ulihama usiku ukaingia mwingine, watu wa Ngagara wakajikuta Kanyosha, wa Kanyosha wakajikuta vilimani, na Kamenge ikabaki kuta. Pale dirishani petu kulikuwa na swali nililokuwa nikiliuliza huku nikipiga miayo: unakaa wapi? Sasa likawa swali la kumfanya mtu ageuke nyuma kwanza kabla ya kujibu. Ukitaja mtaa wako, umeshajitaja wewe ni wa kabila lipi na upande upi wa vita, na kwenye ukumbi wa hospitali hujui nani anasikiliza.

Watu walijifunza upesi. Wote wakawa wanakaa Buyenzi. Buyenzi ni kwa Waswahili, ilipokea watu bila kuwauliza kabila wala kuwapima pua, na kuitaja hakukumdhuru mtu. Akija mama amejifunga kitenge cha vilimani, Kiswahili hajui hata cha kuombea chumvi, ukimuuliza anakaa wapi: Buyenzi. Rafu yetu ilivimba mpaka tukaongeza ya pili. Kwa mujibu wa mafaili yangu, avenyu ya kumi na mbili peke yake ilikuwa na watu wa kujaza mkoa. Mzee Saidi alizitazama zile rafu, akaiweka kando ile kauli yake ya nyumba isiyotembea.

Sasa nifike kwenye uongo wangu. Ilikuwa asubuhi, ile wiki watu wa Kamenge walipokuwa wakifukuzwa. Majeruhi walifika juu ya milango iliyong'olewa, kwa kuwa machela zilikwisha. Ukumbini walikuwa wamesimama vijana watatu wasio wagonjwa wala wauguzi. Mmoja alikuja dirishani kwangu, akaegemea, akawa anasoma fishi, yaani kadi za wagonjwa, ninazoandika. Wala hakuuliza kitu. Alisoma tu, na alisoma kwanza mstari wa mtaa.

Majeruhi wa kwanza aliniambia Kamenge kwa sauti ya kunong'ona. Mkono wangu ukaandika Buyenzi, avenyu ya tisa, ambako ndiko nyumbani kwetu. Jina lake la kweli halikuwa la Kiswahili, lingenisuta, basi nikampa la kaka yangu Hassani. Wa pili nikampa Bakari. Kichwa cha mtu anayedanganya kwa hofu hakibuni kitu, kinaazima kilicho karibu. Niliandika Swalehe, nikaandika Issa, nikaandika Jumaine, wajomba na kaka zangu wote, na majina yalipokwisha akaletwa wa sita. Nikaandika Asmani. Asmani alikuwa kaka yangu mdogo, alikufa kwa surua akiwa na miaka mitatu, na mama yangu halitaji jina hilo mpaka leo bila kushika kitu, hata kama ni kona ya meza.

Yule kijana alisoma zote sita akaondoka. Fundi wa eksirei alinakili majina yale yale kwenye picha zake. Baada ya siku chache wale watu walitawanyika: wawili walikufa, wengine walichukuliwa na ndugu, mmoja masista walimbeba kwenda kwenye kituo chao cha vilimani. Mimi nilipaswa kuchukua kalamu nyekundu. Kwanza niliogopa, baadaye niliona haya, mwisho nikasahau nani nilimpa jina gani. Sura zao zilikuwa zimejaa vumbi, na mimi nilikuwa natazama mikono ya yule kijana, si sura zao.

Ikapita miaka mitatu. Ndipo Madamu Eufrazia akaingia chumbani kwetu bila kubisha, kama kawaida yake. Eufrazia alikuwa kine, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo, mwanamke mrefu mwenye viganja vya mkulima. Alinitupia mafaili matano mezani.

"Zaituni, hebu niambie hawa batu watano iko na ugonjwa gani."

Nikasoma. Wa kwanza aliandikiwa jipu. Wa pili mfupa uliounga vibaya. Wa tatu uvimbe. Wa nne nyonga ngumu. Wa tano daktari alikuwa ameandika mguu mbaya, akatia sahihi kubwa.

"Magonjwa matano," nikasema.

"Apana. Ni moja. Kuja."

Akanivuta mkono mpaka wodini. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kumgusa mgonjwa. Alinikamatisha paja la mtu aliyepooza, juu karibu na nyonga. Ndani ya nyama, mahali pa msuli, palikuwa pagumu kama kona ya stuli. Eufrazia akanieleza hapo hapo, polepole. Mtu akipooza kwa kuumia uti wa mgongo, baada ya majuma machache paja linaweza kuvimba, likawa na joto. Watu wanadhani usaha. Joto linaondoka, uvimbe unabaki, na ndani yake msuli unaanza kujijenga mfupa. Hakuna ajuaye vizuri kwa nini. Mfupa ukifika kwenye kiungo unakifunga, na mtu ambaye tayari hatembei sasa hawezi hata kukaa.

Nilirudi kwenye kitabu chetu cha uainishaji, toleo la kumi, la Kifaransa, nakala moja tu kwa hospitali nzima, tuliyoivika kitambaa kama msahafu. Nikaupata ukoo wa M61. Hao ni ndugu kadhaa: yuko wa msuli uliogeuka mfupa kwa kuumizwa, yuko wa kuungua moto, na katikati yao, nukta mbili, yuko wa kupooza. M61.2. Nilipomwonyesha Eufrazia alikaa kwenye kiti cha Mzee Saidi, jambo ambalo watu hawakuthubutu, akasema taratibu kwamba kumbe wagonjwa wake wana mahali pao duniani.

Tangu siku hiyo tulitengeneza orodha yetu. Mnaoandika leo, sikilizeni: andika upande, kulia au kushoto. Andika kiungo gani. Andika kilicholeta kupooza, kwa msimbo wake wa peke yake, usiuchanganye. Juu ya yote andika kipi kilitangulia, kwa tarehe, maana mfupa uliovunjika kisha ukavimba ni jamaa mwingine, na mfupa uliokuja baada ya kupooza ndiye huyu wetu. Eufrazia alitaka niandike na digrii ambazo nyonga inakunja. Mimi nikaongeza mstari wangu mwishoni: anaketi, au haketi. Alinicheka, lakini hakuufuta.

Leonidas alikuwa wa tisa kwenye orodha. Alikuwa fundi cherehani, kama miaka thelathini, uso mwembamba na vidole virefu visivyotulia. Risasi ilimwingia mgongoni. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imefungwa karibu imenyooka kabisa, kwa hiyo kwenye kiti cha magurudumu aliteleza mpaka chini. Alilala tu. Mke wake, Imelde, alikuwa ameukunja mguu huo kila siku kwa maji ya moto, kwa nguvu zake zote, mpaka Eufrazia akamkataza, kwa sababu kulazimisha kunaumiza zaidi. Ndugu wa mumewe walikuwa wakisema mguu umekauka kwa uvivu wa Imelde. Nilimkuta mara moja nje ya wodi, amekaa kwenye ngazi, analia huku akikamua nguo, ili mtu akipita aone anafua.

Nilipomuuliza Leonidas maswali ya orodha, alijibu yote, kisha akaniambia lake.

"Kutembea mi nimeshaacha, dada. Siombi hiyo. Mi naomba kukaa. Mikono yangu iko muzima, mashini ya mukono Imelde aliibeba kichwani tulipokimbia. Lakini hakuna fundi anashona amelala."

Hilo tu. Alitaka kukaa. Nilirudi ofisini nikaandika: haketi.

Kisha tukapata habari kwamba daktari mpasuaji atakuja kutoka nje ya nchi, atakaa majuma matatu, na mifupa ya namna hii anaijua. Alipofika alisoma orodha yetu kwa furaha mpaka alipofika wa tisa. Masista wa vilimani, waliomtunza Leonidas miaka miwili, walikuwa wameandika kwenye faili lake: uvimbe wa mfupa, huenda kansa. Picha zao za mwaka uliotangulia na zetu za mwaka ule zilionyesha mfupa umeacha kukua, hilo lilikuwa jema. Lakini mpasuaji alisema kwa upole na kwa uthabiti kwamba hapasui bila kujua kipi kilitangulia. Nionyesheni nyonga hii siku aliyoumia, akasema. Kama ilikuwa nzima siku ile, mfupa huu ni wa kupooza, nitautoa. Kama ilikuwa imepigwa, au uvimbe ulikuwepo, simgusi.

Nikaenda rafu ya Kamenge. Hakuna Leonidas. Nikafungua rejista ya wiki ile, nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Hakuna. Nikarudi wodini kumwambia hakuletwa kwetu.

"Nililetwa hapa," akasema. "Juu ya mulango wa jirani. Nakumbuka kitasa kilikuwa kinanichoma ubavu. Nikaulizwa ninakaa wapi, nikasema. Mwanamuke alikuwa anaandika, hakunitazama."

Nikashika chuma cha kitanda. Yule mwanamke nilikuwa mimi, na mahali pa kukaa pa mtu huyu nilikuwa nimepafunika mwenyewe.

Nilipiga moyo konde nikaenda kwa Mzee Saidi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, macho sakafuni: yule kijana, zile fishi, majina ya kaka zangu, na kwamba sijui yupi ni yupi. Nilitegemea kufukuzwa. Mzee Saidi alivua miwani yake, akafungua uzi, akaufunga upya.

"Za kwako ngapi?"

"Sita."

"Za kwangu kumi na moja," akasema. "Nimeandika wote ni watoto wa ndugu yangu wa Ujiji. Na yeye, maskini, hajazaa hata moja." Akasimama. "Kuja tutafute."

Tukazitoa bahasha sita kwenye rafu ya Buyenzi. Mbili hazikuwa na picha. Moja ilikuwa ya kifua. Zilibaki tatu, zote za nyonga, maana siku ile walikuwa wakitafuta risasi zilipokwama. Tukaziweka dirishani kwenye mwanga, tukasimama mbele yake, mimi, Mzee Saidi na Eufrazia. Nyonga haina uso. Hassani, Issa na Asmani, wote walifanana. Kwenye picha ya Asmani tu palikuwa na kitu cheupe, kidogo, pembeni ya nyonga ya kushoto.

"Risasi," akasema Eufrazia, na sauti yake ikashuka. Kama hiyo ilikuwa picha ya Leonidas, basi nyonga ilipigwa, na mpasuaji ameshasema neno lake.

Niliomba nimpelekee Leonidas picha hiyo mimi mwenyewe. Sikujua nitamwambia nini. Nikamwinulia ile picha juu ya uso wake, kwa kuwa hawezi kuinuka, na Imelde akashika upande wa pili isijikunje. Leonidas aliitazama muda mrefu. Kisha akacheka. Kwa miezi yote ile nilikuwa sijamsikia akicheka.

"Hiyo si risasi. Imelde, angalia. Si subana ya baba?"

Imelde akasogeza uso. Subana ni kile kikofia cha chuma anachovaa fundi kidoleni asichomwe na sindano. "Ni yenyewe," akasema. "Ilikuwa mu mufuko. We ulisema wameiiba."

Siku ile hawakuwa na muda wa kumvua mtu suruali. Nikatoka hospitalini mchana ule ule, nikaenda mpaka avenyu ya tisa, nikaazima subana kwa fundi jirani yetu, nikarudi nayo nimeifumbata. Tuliiweka juu ya picha, mbele ya mpasuaji. Ilifunika kile cheupe, mdomo kwa mdomo, hata vitundu vyake vilionekana. Mpasuaji akalinganisha na mifupa ya picha mpya, hapa na hapa, akaitikia kwa kichwa kwamba ni mtu mmoja. Chini ya subana nyonga ilikuwa safi. Hapakuwa na ufa, wala uvimbe. Halafu akasoma jina juu ya picha, akauliza Asmani ni nani.

Ndipo akasema lililobaki, na alikuwa na haki: hapasui mtu mwenye majina mawili. Mgonjwa mwenyewe aseme jina na atokako, mbele ya muuguzi, tuandike, tutie sahihi. Yeye hakujua anaomba nini. Wodi ilikuwa na vitanda vinane, na vita vilikuwa bado nje ya ukuta.

Muuguzi alisimama na fishi. Mimi nilisimama na kalamu nyekundu, nikitamani kuwa mahali pengine popote. Leonidas alitazama dari. Imelde alishika shuka kwa mikono miwili, akamtikisia kichwa asiseme. Naye akasema.

"Mi ni Leonidas. Natoka Kamenge."

Kitanda cha pili alikuwa Prosper, karani wa serikali, aliyepooza kwa guruneti, na nyonga yake ilikuwa na ugonjwa ule ule. Miezi miwili walikuwa wakilala mkono kwa mkono. Prosper akakohoa.

"Dada wa fishi," akaniita. "Mi nako kwenye dosie yangu nimeandikwa Buyenzi."

"Ndiyo, Bwana Prosper."

"Apana. Mi ni wa Ngagara. Kartie ya tatu. Rekebisha."

Ngagara na Kamenge zilikuwa pande mbili za vita vile. Kutoka kona mtu akasema yeye ni wa Kanyosha. Mwingine akainua mkono bila kusema, nikajua. Mwisho akaamka mzee wa kitanda cha mlangoni, amevaa kanzu fupi, tasbihi mkononi, akatutazama wote kwa kuudhika.

"Sasa," akasema, "kumbe Buyenzi munaniacha mi peke yangu?"

Walicheka mpaka Eufrazia akaja kuuliza nani amekufa. Mimi nilicheka na kulia pamoja, sioni aibu kuandika hivyo. Nilitia mistari myekundu mpaka adhuhuri, na fishi ya Leonidas nikaacha iwe ya mwisho, kwa kuwa ilinibidi kwanza nizungumze nyumbani.

Mama alikuwa akichambua mchele. Nilimwambia kwamba miaka mitatu iliyopita nilimwandika mtu jina la Asmani, nikamweka nyumbani kwetu. Mikono yake ilisimama ndani ya ungo. Akachukua punje moja, akaitazama, akaitupa.

"Ulimuandika ni mwana wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na uliniacha miaka mitatu sijaenda kumuona. Watu watasema mi ni mama gani?"

Kesho yake alikuja hospitalini na wali, sombe ya majani ya muhogo na chupa ya chai ya tangawizi, amevaa kitenge chake cha Idi. Aliingia wodini akauliza kwa sauti Asmani yuko wapi. Leonidas hakujua nini kinaendelea, lakini alikuwa amelelewa vizuri. Akaitika, "Karibu, mama." Mama akashika chuma cha kitanda, akakishika sana, kisha akaanza kumlisha. Alipomaliza alimgeukia Imelde akamuuliza wanalala wapi. Imelde akasema kwenye mahema ya wakimbizi, upande wa pili wa mto. Mama alikusanya vyombo vyake akaenda.

Leonidas alipasuliwa Jumanne. Nilikaa kwenye ngazi na Imelde, hatukufua kitu. Mpasuaji alitoka na mfupa kwenye kibakuli, umepinda, wenye matawi, akauonyesha. Imelde aliutazama kwa chuki. Akauliza swali moja tu, nami nikamtafsiria: je, ulitokana na yeye kutoukunja mguu vizuri? Mpasuaji akasema hapana, hapana kabisa. Imelde akaomba nimwandikie hilo kwenye karatasi, kwa Kirundi, litiwe mhuri. Nikamwandikia. Najua kuna watu vilimani walisomewa karatasi ile zaidi ya mara moja.

Siku ya kumi na mbili Eufrazia na wenzake wawili walimkalisha. Kizunguzungu kilimkamata, wakamlaza, wakamkalisha tena. Eufrazia akapima kwa rula yake ya pembe, akatangaza digrii themanini. Leonidas alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, ameegemea kidogo kulia, mikono juu ya mapaja, anatuangalia sote kwa urefu mmoja na macho yetu tulipoinama. Akamwomba Imelde sindano. Akaanza kushona kifungo cha koti la Mzee Saidi, kilichokuwa kinaning'inia tangu kabla ya vita.

Nilikaa pembeni na fishi yake. M61.2, nyonga ya kushoto. Msimbo wa kupooza. Tarehe, kipi kilitangulia. Mstari wangu wa mwisho: anaketi. Kisha nikachukua kalamu nyekundu. Nikapiga mstari mmoja juu ya Asmani, likiendelea kusomeka, nikaandika Leonidas, nikatia tarehe na sahihi. Nikashuka kwenye mstari wa mtaa. Mama alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na bahasha ya dawa, kwapani amebana furushi la nguo za Leonidas na Imelde, na nje jirani yetu fundi alikuwa amejitwisha cherehani yao ya mkono.

"Leonidas," nikamwuliza, kwa kuwa sheria ni kuuliza. "Sasa unakaa wapi?"

Hakugeuka nyuma. Alikata uzi kwa meno, akaupapasa mfuko wa koti la Mzee Saidi ukae sawa.

"Pale pale uliandika, dada."

Nikaifunika kalamu nyekundu. Mkienda rafu ya Buyenzi, avenyu ya tisa, mtaiona fishi hiyo. Jina limerekebishwa, na mtaa umebaki kwa wino wa bluu.